Manukato ya Kike ya Nyumba za Mitindo na Suala la Kutaja Harufu kwa Kiswahili

0. UTANGULIZI

Manukato yatokayo Ufaransa huandamana na maandishi ya aina mbili. Ya kwanza yamo juu ya kisanduku chenyewe, kwa herufi ndogo sana: alkoholi, maji, «parfum», kisha mfululizo wa majina kama «limonene», «linalool», «eugenol» na «coumarin». Ya pili huonekana zaidi katika magazeti ya wanawake, katika karatasi za matangazo na kinywani mwa muuzaji, nayo husimulia yasmini, waridi, ambari, vanila na miski. Mnunuzi husadiki orodha ya pili, na ni nadra aitazame ile ya kwanza. Hata hivyo ni ile ya kwanza iliyowekwa kwa amri ya sheria. Tangu mwaka wa 2005 Umoja wa Ulaya umewalazimisha watengenezaji kutaja vitu 26 vinavyoweza kudhuru ngozi ya baadhi ya watu, endapo vimezidi kiasi cha asilimia 0.001 katika kitu kinachopakwa na kuachwa mwilini. Na mwaka wa 2023 idadi hiyo ilipandishwa kupita 80. Orodha ya pili haina sheria ya namna hiyo inayoielekeza jinsi ya kutaja harufu.

Mfasiri wa Kiswahili akikutana na orodha hizo mbili huingia mashakani. Husikika mara kwa mara, hata miongoni mwa wasomi, kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya harufu, na kwamba mazungumzo juu ya Chanel au Dior hayana budi kufanywa kwa Kifaransa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba madai hayo yametafuta ugonjwa mahali usipokuwapo. Maneno ya harufu yapo tele, tena mengi yao ni ndugu wa damu wa yale ya Kifaransa. Tatizo linatokana na udugu wenyewe: maneno yanafanana, lakini vitu vinavyotajwa vimekwisha kuachana. Mwanamke anayelipa fedha nyingi kwa chupa ndogo ana haki ya kujua, kwa lugha yake, kile anachoambiwa na kile asichoambiwa.

1. MOSHI, MAJI NA CHUPA

Neno la Kifaransa «parfum» lina asili ya Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kupitisha moshi, yaani kufukiza. Harufu ya kwanza iliyopewa jina hilo ilitoka katika makaa. Mtu aliyekulia pwani ya Afrika ya Mashariki hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Chetezo, buhuri, udi, ubani, nguo zinazofukizwa kabla ya harusi: huko neno na kitendo bado vinakaa nyumba moja, ilhali Mfaransa wa leo hasikii tena moshi wowote ndani ya neno lake.

Kiswahili, kwa upande wake, kina majina matatu makuu. «Uturi» limetoka katika Kiarabu na sasa hukutwa zaidi katika maandishi kuliko vinywani. «Marashi» nalo ni la Kiarabu, kutoka kitenzi chenye maana ya kunyunyiza. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa «mrashi», ile chupa yenye shingo ndefu ya kunyunyizia wageni. Kwa asili, basi, marashi ni maji, hasa maji ya waridi. Neno hili limefika hadi kwetu Kongo, ambako husikika kama «malashi», na Kilingala nacho kina «malasi». «Manukato» ndilo la Kibantu kwa shina lake, nalo ni pana kuliko mengine: halikufungwa na moshi wala maji. Kwa sababu hiyo ndilo linalotumiwa hapa.

Shina hilo, -nuka, linastahili kutazamwa kidogo. Likisimama peke yake hutumika zaidi kwa harufu mbaya: samaki ananuka. Likipewa kiambishi cha kutendea, harufu hugeuka kuwa nzuri: ua linanukia. Na tendo la pua lina kitenzi chake, -nusa. Kifaransa hubebesha yote matatu juu ya kitenzi kimoja, «sentir», ambacho pia ni kuhisi, hata Mfaransa akitaka kueleweka hana budi kuongeza «bon» au «mauvais». Tukiongeza majina kama uvundo, shombo na kikwapa, yanayotenga harufu mbaya moja na nyingine bila maelezo marefu, ni dhahiri kwamba shtaka la umaskini lingepaswa kupelekwa mlango mwingine.

Sasa juu ya chupa. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, mshonaji nguo na mtengeneza manukato walikuwa watu wa kazi mbili mbalimbali. Nyumba kama Houbigant, iliyoanzishwa mwaka wa 1775, na Guerlain, iliyoanzishwa mwaka wa 1828, ziliuza manukato, sabuni na poda, lakini hazikushona gauni. Mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, ulijipatia sifa zake kwanza kwa ngozi: watengeneza glovu walizitia harufu ili kuficha uvundo wa ngozi iliyotengenezwa, na baadaye maua yakaishinda ngozi. (Ujuzi huo wa Grasse, kuanzia kilimo cha maua hadi utunzi wa manukato, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka wa 2018.) Mshonaji wa kwanza mashuhuri kuvuka mpaka alikuwa Paul Poiret, aliyeanzisha mwaka wa 1911 Les Parfums de Rosine, kwa jina la binti yake. Gabrielle Chanel alimfuata mwaka wa 1921 na No. 5, Jeanne Lanvin mwaka wa 1927 na Arpège, Nina Ricci mwaka wa 1948 na L'Air du Temps. Christian Dior alionyesha nguo zake za kwanza Februari 1947, na mwaka huohuo akatoa Miss Dior. Sababu haikujificha. Gauni la mshonaji mkubwa wa Paris hununuliwa na wanawake wachache mno. Chupa yenye jina lake huweza kununuliwa na maelfu ambao hawatavuka kamwe kizingiti cha duka lake. Leo hii nyumba nyingi za mitindo hupata fedha kwa manukato na vipodozi kuliko kwa sindano.

2. NOTA NI NINI

Watu wa manukato hupenda kusema kwa lugha ya muziki. Mkemia wa London, Septimus Piesse, katika kitabu chake juu ya usanii wa manukato kilichotoka miaka ya 1850, alizipanga harufu kwenye mistari ya muziki, kila moja ikiwa na nota yake, akidai kwamba zipo zinazopatana na zisizopatana kama zilivyo sauti. Mpango wake haukudumu, lakini lugha yake imebaki. Harufu kadhaa zikiungana zikawa kama moja huitwa «accord». Meza ya mtengenezaji, yenye vichupa vilivyopangwa ngazi kwa ngazi kumzunguka, huitwa «orgue», yaani kinanda. Na jina Arpège ni neno la muziki lenye maana ya nota za mwafaka mmoja zinazopigwa moja baada ya nyingine. Lanvin aliyaagiza manukato hayo kwa ajili ya binti yake, aliyekuwa mwanamuziki, alipotimiza umri wa miaka 30.

Je, sitiari hii ni ngeni kwa Kiswahili? Hapana, na hapa ndipo lugha yenyewe inapompa mfasiri msaada asioutarajia. Mswahili husikia harufu. Haoni, hagusi, husikia, kwa kitenzi kilekile cha sikio. Kifaransa kililazimika kuazima muziki ili kuzungumzia manukato. Kiswahili kilikuwa kimeweka pua na sikio katika kitenzi kimoja kabla ya Piesse kuandika. Aidha, mtengeneza manukato anaitwa na Wafaransa «compositeur», na Kiswahili kina «mtunzi». Mtu hutunga shairi, hutunga shanga, hutunga maua ya asumini katika uzi kwa ajili ya kikuba cha bibi arusi. Kumwita Ernest Beaux mtunzi wa No. 5 ni kumpa jina ambalo lingempasa hata kama tusingejua Kifaransa.

Kwa «note» yenyewe yafaa kuchagua «nota», neno ambalo tayari hutumiwa katika mafundisho ya muziki. «Noti» haifai: katika nchi jirani noti ni fedha ya karatasi, na kwetu mwanachuo akisikia «note» hukumbuka mtihani.

Manukato ni mchanganyiko wa vitu vinavyoruka hewani kwa kasi mbalimbali. Vyenye molekuli nyepesi, kama limoneni ya maganda ya limau na chungwa, huruka upesi; vyenye molekuli nzito, kama miski za maabara, hung'ang'ania ngozi. Uzito si sababu pekee, kwani namna molekuli zinavyoshikana nayo ina nguvu yake, lakini kwa kawaida ndio unaotangulia. Jean Carles, aliyefungua mjini Grasse mwaka wa 1946 shule ya watunzi ya kampuni ya Roure, alifundisha kutunga kwa mpango huo wa kasi, na michoro ya piramidi inayopatikana leo katika kila tangazo ina asili katika mafundisho ya namna hiyo. Juu kabisa ziko «notes de tête», zinazosikika tangu tone la kwanza na kupotea kwa muda wa dakika chache, robo saa kwa makadirio. Katikati kuna «notes de cœur», za saa kadhaa. Chini ziko «notes de fond», zinazobaki hadi jioni, pengine hadi kesho yake katika kitambaa.

Kufasiri «nota ya kichwa» na «nota ya moyo» si kosa, lakini «nota ya chini» haisemi lolote. Mtu anayesifu manukato kwa Kiswahili huwa hasemi kwamba yana chini, husema yanakaa. Kitenzi hicho cha kila siku chafaa kuinuliwa kuwa istilahi. Yapendekezwa basi: nota tangulizi, nota za moyo, nota za kukaa. Mwanamke wa Unguja anayefukiza nguo kwa udi anazijua hatua hizi bila piramidi: moshi wa kwanza unaowasha macho ni kitu kimoja, na harufu anayoikuta sandukuni siku ya tatu ni kitu kingine, ingawa udi ulikuwa mmoja.

No. 5 inatoa mfano ulio bora. Nota zake tangulizi ni aldehidi, vitu vya maabara vyenye harufu inayowakumbusha watu nta, chuma cha pasi juu ya nguo safi na ganda la chungwa, pamoja na bergamoti na neroli. Moyo wake ni yasmini, waridi na langilangi. Za kukaa ni msandali, vetiva, vanila na miski. Jambo lililowashangaza watu mwaka wa 1921 halikuwa yasmini, kwa maana yasmini ilikuwa imejaa madukani. Lilikuwa kiasi kikubwa cha aldehidi, kilichoyafanya maua hayo yasitambulike moja moja. Manukato ya kike ya wakati ule mara nyingi yalijitambulisha kwa jina la ua. Haya yalijitambulisha kwa tarakimu: inasimuliwa kwamba Chanel aliletewa vichupa vyenye namba 1 hadi 5 na 20 hadi 24, akachagua cha tano.

Piramidi hata hivyo isichukuliwe kuwa sheria ya maumbile. Ni chombo cha kufundishia, na siku hizi zaidi ni chombo cha kuuzia. Katika Angel ya Thierry Mugler, iliyotoka mwaka wa 1992, pachuli, ambayo kwa kawaida huwekwa katika safu ya chini, husikika tangu mwanzo pamoja na harufu ya sukari iliyoungua, na haiondoki. Hapo hakuna cha kichwa wala moyo. Kuna kishindo kimoja kirefu.

Kuhusu majina ya nguvu za manukato, neno moja la tahadhari latosha. «Parfum» au «extrait» huwa na kiini cha harufu cha asilimia 20 hadi 30 hivi, «eau de parfum» 15 hadi 20, «eau de toilette» 5 hadi 15, na «eau de cologne» chini ya hapo. Viwango hivi ni vya mazoea, na kila nyumba huvivuta upande wake. Ila «toilette» si choo. Neno hilo limetokana na kitambaa kidogo kilichotandikwa juu ya meza ya kujipambia, likawa na maana ya kujipamba, na chooni liliingia baadaye kwa kusitiri aibu. Mfasiri asiyekuwa macho anaweza kumwandikia mteja «maji ya choo», na hatauza hata chupa moja.

3. NOTA SI KIUNGO

Tumefika mahali ambapo tafsiri nyingi huteleza. Tangazo likisema manukato yana «note de muguet», mfasiri huandika kwamba yana mugeti ndani yake. Sivyo. Nota ni kile kinachosikika. Kiungo ni kile kilichotiwa. Mpishi akiweka chumvi, chumvi imo chunguni. Mtunzi akitaka mugeti isikike, hana budi kuweka kila kitu isipokuwa mugeti.

Mugeti ni ua dogo jeupe la Ulaya, lenye umbo la kengele, ambalo Wafaransa hupeana tarehe 1 Mei. Kiswahili hakina jina lake, na anayepitia Kiingereza asishawishike kuchukua yungiyungi au nyinyoro, kwa sababu hilo ni ua jingine kabisa. Linanukia sana shambani, lakini watunzi hawapati humo mafuta yanayofaa kwa kazi yao. Dior alilipenda ua hilo kupita mengine yote. Mwaka wa 1956 Edmond Roudnitska alimtungia Diorissimo, akilinusa ua hai katika bustani yake karibu na Grasse na kulijenga upya kwa vitu vingine, mojawapo kikiwa hidroksisitronelali, kitu cha maabara kilichojulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Watu wengi wa kazi hiyo hukubali kwamba ndiyo mugeti kamili kuliko zote, na ndani yake hakuna hata petali moja ya mugeti.

Hili si udanganyifu, kama vile mchoraji si mwongo kwa kuwa farasi aliyemchora hali majani. Lakini lina matokeo. Kwa miaka mingi nota ya mugeti katika manukato, sabuni na vipodozi vya kike ilitegemea pia kitu kiitwacho Lilial. Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku katika vipodozi kuanzia Machi 2022, baada ya kuonekana kwamba kinaweza kudhuru uwezo wa kuzaa. Watunzi wakatafuta vitu vingine vya kujaza nafasi yake. Matangazo yaliendelea kusema «muguet» kabla ya tarehe hiyo na baada yake. Nota haikubadilika jina, kilichobadilika ni kitu kilichomo. Chupa iliyotengenezwa zamani, ikiwa bado inauzwa mahali fulani, haitofautiani na mpya kwa orodha ya maua yake. Itatofautiana kwa ile orodha ya herufi ndogo, ambamo jina «butylphenyl methylpropional» ndilo Lilial. Mfasiri anayechanganya nota na kiungo anamnyima msomaji njia pekee ya kujua.

Mfano mwingine, mwepesi zaidi, ni bahari. Tangu L'Eau d'Issey ya Mjapani Issey Miyake, ya mwaka wa 1992, «notes marines» zimejaa kila mahali. Chanzo chake ni kaloni, kitu kilichogunduliwa mwaka wa 1966 na wakemia wa kampuni ya dawa, chenye harufu inayokaribia tikitimaji na upepo wa pwani. Mtu wa Lamu akiambiwa «harufu ya bahari» atafikiria shombo, wala hataona sababu ya kuilipia. Afadhali kusema «nota ya upepo wa bahari».

4. MANENO NDUGU, VITU MBALIMBALI

Inabaki ile orodha ya majina ambayo kwa mtazamo wa kwanza haina taabu yoyote. Kifaransa «jasmin» na Kiswahili «yasmini» au «asumini» ni neno moja la Kiajemi lililopitia Kiarabu. «Safran» ni zafarani, «camphre» ni kafuri, «santal» ni sandali, «musc» ni miski, «ambre» ni ambari. Hata «civette» ni zabadi: vyote viwili ni Kiarabu «zabad», kimoja kikiwa kimepitia Italia na kingine Bahari ya Hindi. Biashara ile ile iliyopeleka harufu Ulaya ilipeleka majina pwani yetu, na Mswahili hana haja ya kuazima kutoka Paris neno ambalo alikuwa nalo nyumbani.

Lugha zote mbili, kwa kuchekesha kidogo, zililikata neno moja mahali pamoja. Kiarabu «luban» kilipoingia Kiswahili kilidondosha l na kuwa «ubani», neno linalofanana na majina ya ngeli ya u-. Na «luban jawi», yaani ubani wa Java, ilipofika Ulaya, watu walidhani silabi ya kwanza ni kibainishi kama «le» au «lo», wakaitupa. Kilichobaki ndicho «benjoin». Basi ubani na «benjoin» ni ndugu waliokatwa kwa visu viwili. Lakini ubani ni utomvu wa mti wa Arabuni na Pembe ya Afrika, na «benjoin» ni wa mti mwingine wa Asia ya Kusini-Mashariki, wenye harufu ya vanila. Ukiandika ubani palipo na «benjoin», umekosea mti na umekosea harufu.

Ambari ndiyo inayopotosha kuliko zote. Kwa Mswahili, ambari ni kile kitu adimu kinachotoka tumboni mwa nyangumi na kuokotwa ufuoni. Kifaransa «ambre» kilianza na maana hiyohiyo, kisha kikatwaa pia utomvu wa kale uliogeuka jiwe, ambao Kiswahili huuita kaharabu. Na watunzi wa manukato waliongeza maana ya tatu: «note ambrée» ni mwafaka wa labdani, vanila na «benjoin», wenye harufu tamu na ya joto, ambao haukutoka kwa nyangumi wala katika jiwe. Msomaji wa Kiswahili akikuta «ambari» katika maelezo ya manukato ya kike ataelewa maana ya kwanza. Mara nyingi mwandishi wa Kifaransa alikusudia ya tatu. Kwa hiyo «nota ya kiambari» yafaa zaidi, ki- hiyo ikionyesha mfano, wala si asili, kama inavyofanya katika «kifalme» na «kitoto».

Njia hiyohiyo inafaa kwa miski na zabadi. Miski ya asili ilitoka katika tezi ya mnyama dume wa milima ya Asia anayefanana na paa, naye aliuawa kwa ajili yake. Mwaka wa 1888 Mjerumani Albert Baur, akishughulikia vitu vya kulipuka, alipata kitu kisicholipuka lakini chenye harufu ya miski, na tangu hapo miski za maabara zimeongezeka hata zile za mnyama zimetoweka katika manukato ya nyumba kubwa. Zabadi, iliyokuwa ikikwanguliwa kwa fungo waliofungiwa vizimbani huko Ethiopia, nayo imepata mbadala wa maabara. «Nota ya kimiski» humtoa mnyama katika sentensi kama alivyokwisha kutolewa katika chupa.

Kwa upande mwingine, udugu wa maneno huweza kusaidia pasipotazamiwa. Nota mashuhuri ya L'Air du Temps ni «œillet», ua ambalo halina jina lililoenea katika Kiswahili. Lakini harufu ya ua hilo hutokana kwa sehemu kubwa na eujenoli, na eujenoli ndiyo roho ya karafuu. Kiarabu «qaranful», mzazi wa neno karafuu, hutaja karafuu na pia ua hilo. Mtu wa Pemba, ambako mafuta hutolewa hata katika makonyo ya karafuu, anaweza kuelewa L'Air du Temps upesi kuliko msichana wa Paris, mradi aambiwe «ua lenye mnukio wa karafuu». Opium ya Yves Saint Laurent, ya mwaka wa 1977, ingemwelea zaidi: karafuu, manemane na vikolezo vingine, mzigo mzima wa jahazi.

Na langilangi ni jirani wa karibu zaidi. Jina limetoka Ufilipino, na Kifaransa huandika «ylang-ylang». Huko Unguja mti huitwa mlangilangi. Visiwa vya Komoro, ambavyo lugha yake ni ndugu wa Kiswahili, ni miongoni mwa nchi zinazotoa kwa wingi mafuta yake. Maua huchumwa asubuhi mapema na kutiwa chomboni siku hiyohiyo, kisha mvuke huachwa upite kwa saa nyingi. Mafuta hayachukuliwi kwa mkupuo mmoja: yanayotangulia, mepesi na yenye harufu kali ya maua, ndiyo ya daraja la juu na huingia katika manukato ya thamani, yanayofuata hugawanywa daraja hadi daraja, na ya mwisho huishia katika sabuni. Mchumaji wa Nzwani anaweza kuwa amebeba kapuni moyo wa chupa za Paris, na jina analolitumia halihitaji tafsiri.

Majina machache yatabidi kukopwa tu, nayo yaandikwe kwa sauti za Kiswahili bila aibu: bergamoti, vetiva, pachuli, irisi. Hilo la mwisho lina mtego wake. Kinachotumika katika irisi si ua bali shina lake la chini ya ardhi, ambalo huachwa likauke kwa miaka mitatu hivi kabla ya kutoa harufu yake, na harufu hiyo Wafaransa huiita «poudrée». Kuandika «harufu ya unga» kutampeleka msomaji jikoni. «Poda» inaeleweka mjini, nayo itatosha kwa tangazo. Lakini wanawake wa pwani wana unga wa manjano wenye manukato wanaojipaka mwilini, uitwao dalia, ulio laini, mkavu na mtamu kidogo puani. Na kwa mfasiri mwenye nafasi ya maneno mawili zaidi, «laini kama dalia» humkaribisha msomaji kwenye irisi kuliko poda yoyote ya kopo.